Herufi tatu juu ya jiwe

Yule mama alitoa leso mfukoni mwa koti, akaifungua taratibu, akampa mtu wa karibu yake kitu cheupe kilichokuwa ndani. "Kipokezaneni," akasema. "Kila mmoja akishike."

Tulikuwa watu kumi na wanne juu ya kilima, katikati ya makaburi ya Fountain Hill, mji mdogo wa Deep River, jimbo la Connecticut. Jumamosi ya Oktoba. Majani yamegeuka mekundu, na baridi ndiyo kwanza imeanza kumkumbusha mtu koti lake liko wapi. Kitu kile kikapita mkono kwa mkono hadi kikanifikia. Kilikuwa kipande cha pembe ya ndovu, upana wa kidole gumba, chembamba kama ukucha. Upande mmoja kimelainishwa hadi kinateleza. Upande wa pili kimekwaruzwa makusudi ili gundi ishike. Nikakiinua kwenye mwanga. Ndani yake mlikuwa na vistari vyembamba, kama vya ubao uliopigwa randa.

Kile unachokibonyeza ukipiga piano.

Hapo ndipo mama yule aliposema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshalisema jambo hilo mara nyingi: "Kila pembe iliyofika katika mji huu ilibebwa na mtumwa hadi pwani, na huko pwani mtumwa naye akauzwa."

Watu wakanyamaza. Mzee mmoja akanitupia jicho, halafu akaanza kuchunguza kamba za viatu vyake.

Mimi ni mtu wa Tabora.

Nikampa wa pembeni yangu kile kipande, nikatia mikono mfukoni, nikanyamaza pia. Ni wiki sita sasa, na kimya kile bado kinaniwasha.

## Kwetu makaburini hakutembelewi

Aliyenipeleka kule ni binti yangu, ingawa mwenyewe hakuwepo. Anajifunza piano, na mwalimu wake aliposikia tumetoka Tanzania alisema, "Basi lazima uende Deep River." Hakueleza kwa nini. Nilidhani kuna mgahawa wa Waswahili.

Kumbe ni matembezi ya makaburini, kwa tiketi, na mwongozaji. Watu wamekuja na kahawa kwenye vikombe vyenye vifuniko. Mmoja alikuja na mbwa.

Nilipomsimulia bibi kwa simu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umelipa?"

"Nimelipa, bibi. Dola kumi."

"Kuangalia maiti za watu?"

Sikuwa na jibu. Kwetu mtu huenda makaburini kwa shughuli: kuzika, kuzuru wazee, kung'oa majani kabla ya mwezi mtukufu. Kwenda kupunga upepo na kusoma majina ya watu usiowajua ni jambo la mtu aliyepungukiwa na kitu kichwani. Lakini nikiri: saa mbili zile nilijifunza mengi zaidi kuhusu njia ya Tabora kuliko nilivyojifunza shuleni, tena shule yenyewe ilikuwa Tabora.

## Mji uliokula pembe

Mama yule alijua kazi yake. Hakuanza na matajiri. Alianza na vitana.

Mwishoni mwa karne ya 18, mwaka 1798 hivi, fundi mmoja wa eneo hili aliyeitwa Phineas Pratt alibuni mashine ya kukata meno ya kitana cha pembe. Kabla ya hapo jino moja moja lilikatwa kwa msumeno wa mkono. Mashine ikaleta viwanda kando ya vijito, na viwanda vikahitaji pembe. Baadaye vitana vikapitwa na piano. Sebule ya Mmarekani mwenye uwezo kidogo ikawa haijakamilika bila piano, kama sebule zetu zilivyokuwa hazijakamilika bila kabati la vyombo visivyotumika. Mwaka 1909 peke yake nchi hii ilitengeneza piano zaidi ya 300,000.

Piano ina vibonyezo vyeupe 52. Kila kimoja kilivikwa vipande viwili vya pembe, cha mbele kipana na cha nyuma chembamba, vikakutana katikati kwenye mshono usioonekana mpaka uambiwe uko wapi. Vipande 104 kwa piano moja. Kazi hiyo sehemu kubwa ilifanyika hapa, kwenye miji miwili inayopakana: Deep River, palipokuwa na kampuni ya Pratt, Read, na kijiji cha jirani ambacho hata jina kilijipatia kwa biashara hiyo, Ivoryton, yaani mji wa pembe. Mbele ya ofisi za mji wa Deep River kuna sanamu ya tembo. Nilipiga nayo picha kabla sijajua naipigia nini.

Jambo moja lilinishika kuliko mengine. Pembe ikishachanwa vipande huwa na umanjano, na mnunuzi alitaka weupe. Kwa hiyo walijenga mabanda marefu ya vioo, wakavipanga vipande ndani yake kwa maelfu, wakaviacha vipigwe na jua wiki hadi wiki huku wakivigeuza. Mama yule alinyoosha mkono kuelekea bondeni kutuonyesha yalikokuwa. Hapakuwa na kitu, mapaa tu na miti. Lakini nikaliona: pembe imetoka kwenye jua la Unyamwezi, imevuka bahari mbili, imefika nchi ya theluji, halafu inaanikwa tena juani.

Kama udaga.

Kiwanda cha Pratt, Read kiliungua mwaka 1881, kikajengwa upya, kikubwa zaidi. Jengo hilo bado lipo, limegeuzwa nyumba za kuishi. Wazee waliofanya kazi humo, Wajerumani, Wasweden, Wapolandi, Waitaliano, wamelala kilimani pale na majina yao ambayo mama yule aliyatamka kwa uangalifu, moja moja, kama mtu anayehesabu mayai.

## Merikani

Wasomaji wangu wengi mmelikulia neno hili, sina haja ya kuwaeleza. Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, cha kushonea magodoro, cha kila kazi. Ni lini mara ya mwisho mlijiuliza kwa nini kinaitwa hivyo?

Meli za kaskazini-mashariki mwa Marekani, hasa za bandari ya Salem, zilikuja Unguja na marobota ya kitambaa hicho na kurudi na pembe, ngozi, karafuu na sandarusi. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja. Kitambaa chao kikapanda bara hadi ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kikawa fedha. Mtu alilipwa merikani, akatozwa hongo kwa merikani. (Hongo siku hizo ilikuwa ushuru wa halali wa kupita kwenye nchi ya mtemi, jambo la wazi kabisa. Sisi ndio tuliolifanya neno hilo lipite chini ya meza.)

Kwa hiyo mimi na mji huu tunajuana zamani. Hilo nalo nilitaka kulisema, sikulisema.

## Nilichokuwa nacho mdomoni

Sentensi ya mama yule ilinichoma kwa neno moja: *kila*.

Babu yake bibi alikuwa mpagazi. Si mtumwa, mpagazi. Ukoo wetu unalirudia jambo hilo kwenye kila harusi na kila msiba, na mtoto wa kwetu hulijua kabla hajajua kuhesabu. Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani na pembe zao wenyewe kabla msafara wa kwanza kutoka pwani haujafika Unyanyembe, yaani kwetu Tabora, na misafara ya watu wa pwani ilipoanza walijiandikisha kwa ujira na posho. Walikuwa na mwongozaji wao, kirangozi, aliyetangulia na manyoya kichwani. Walijua haki zao; msafara ukiwapunja posho walitua mizigo chini, na tajiri akabaki porini na marobota yake. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto, na kumpatia mchumba kulikuwa na kazi.

Bibi alimwahi huyo babu yake akiwa mdogo. Anachokikumbuka si uso, ni bega. Wanyamwezi walibeba begani. "Bega la kushoto lilikuwa na sugu kama kisigino," bibi husema. "Tulikuwa tunaligongagonga na kijiti, yeye anacheka, hasikii."

Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hadi 70, mbali na kitanda chake, sufuria yake na chakula chake. Mimi nafanya kazi ghalani. Boksi likizidi ratili 50 hubandikwa karatasi ya njano kwamba liinuliwe na watu wawili, na mwenye kuliinua peke yake huitwa ofisini. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni kilomita zipatazo 800. Miezi mitatu, kama njia ni nzuri.

Nilipiga hesabu mwenyewe usiku ule. Piano moja ilikula kama ratili moja na nusu ya pembe. Mzigo mmoja wa frasila mbili, yaani karibu ratili 70, wa bega moja, ni piano 45 hivi. Sebule 45. Mabinti 45 wa Boston wenye utepe nyweleni.

Basi mtu ametembea miezi mitatu kwa hiari yake, kwa ujira aliobishania mwenyewe, kwa sifa ambayo vitukuu wake bado wanaila. Halafu karne moja na nusu baadaye, kwenye kilima cha watu, anaingizwa kwenye sentensi moja na kufungwa mnyororo. Kwa nia njema. Kwa huzuni kabisa.

Mnalijua jina la Bagamoyo na ubishi wake. Wapo wanaosema ni bwaga moyo, mahali mtumwa alipokata tamaa kwa sababu mbele ni bahari. Wapo wanaosema ni moyo wa mpagazi unaotulia baada ya mzigo kutua. Shuleni tulifundishwa maana ya kwanza. Nyumbani nilifundishwa ya pili. Nilipokuwa nimesimama Fountain Hill niliona wazi maana ipi imepanda meli.

## Shemasi

Mama yule alikuwa na hadithi nyingine, na hiyo ilinifurahisha kupita kiasi.

Mmoja wa waasisi wa biashara ya pembe hapa aliitwa George Read, shemasi wa kanisa na mpinga utumwa wa kweli kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1820 akafika kwake kijana aliyetoroka utumwani, mzaliwa wa Virginia, jina lake Daniel Fisher. Shemasi akampokea. Akampa nywele za bandia ili asitambulike, akampa na jina jipya, William Winters. Kijana akaishi, akazeeka, akawa mtu wa mji. Hadi leo kuna mtaa Deep River unaoitwa Winter Avenue kwa ajili yake.

Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi moyoni nikawa nacheka kicheko kibaya. Shemasi anamficha mtumwa mmoja jikoni, na huku kiwandani anakata pembe ambazo, kwa sentensi ya mama yule, zimeletwa na watumwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nikasema kimoyomoyo. Nikahisi nimepata pa kushikia.

Nashangaa sasa nilivyoshangilia. Dakika kumi kabla nilikuwa nimekasirika kwamba si kila mbebaji alikuwa mtumwa. Sasa nilitaka wote wawe watumwa, alimradi shemasi aumbuke.

## XYZ

Kituo cha mwisho kilikuwa jiwe dogo. Halina jina wala tarehe za kuzaliwa na kufa. Lina herufi tatu: XYZ.

Usiku wa Desemba mwaka 1899 majambazi walikuja kuvunja benki ya akiba ya mji. Benki ilikuwa imeonywa, imeweka mlinzi. Mlinzi akafyatua bunduki, mmoja akafa palepale, wenzake wakakimbia. Hakuna aliyejua ni nani. Ikaja barua ikiomba azikwe chini ya jiwe lenye herufi hizo tatu tu. Inasimuliwa kwamba kwa miaka mingi mwanamke aliyevaa nguo nyeusi alishuka kwenye treni mara moja kwa mwaka, akatembea hadi kaburini, akaweka ua, akaondoka bila kusema na mtu.

Wenzangu walipiga picha. Yule mbwa alinusa jiwe, akavutwa kamba.

Mwizi. Hajulikani alikotoka, alikuja kuwaibia, na bado wamemwekea jiwe, na mgeni analipa dola kumi kuja kulitazama. Nilisimama pale baada ya wengine kuanza kushuka. Nilikuwa namfikiria babu wa bibi na wenzake, makaburi yao yako wapi, nani amewaandikia hata herufi tatu. Nilikuwa na uchungu, na uchungu ule ulikuwa safi, hauna doa. Nikashuka nao kilima, nikaendesha nao gari saa nzima, nikalala nao.

Ningekuwa nimeandika makala hii wiki ile, ingeishia hapa. Ingekuwa makala nzuri, na mngeisambaza.

## Sauti ya bibi

Bibi hapendi kuandika. Hutuma sauti, ndefu, zenye majogoo ndani yake.

Nilimwomba anieleze yote anayoyakumbuka kuhusu babu yake. Nilitaka kumwandikia mama yule wa makaburini barua yenye nguvu. Ikaja sauti ya dakika kumi na moja. Mwanzo ni yale ninayoyajua: bega, kijiti, safari nne za pwani, ya nne ndiyo aliyorudi na ugonjwa wa macho. Halafu, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, bibi akasema:

"Na ile safari ya pili ndiyo aliyompatia Mmanyema."

Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena. Nikampigia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umepata sauti?"

"Nimepata. Mmanyema gani?"

"Yule mama wa kule kwenye mwembe. Si unalijua lile kaburi lililo peke yake?"

Nalijua. Mawe sita yamezungushwa, mbali kidogo na safu ya wazee, upande wa mwembe. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunayakalia tukila maembe, na hakuna aliyetukemea. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni mtoto mchanga, au mpita njia.

"Alimwoa?"

Bibi akakaa kimya. Jogoo akawika.

"Alimnunua, mwanangu. Alipewa ujira wake, doti za merikani. Wenzake walinunua ng'ombe, na wengine walinunua watu. Wakati ule wanaume wako njiani, nani analima?"

## Yale ambayo hayasemwi harusini

Sikwenda kazini kesho yake. Niliwaambia nina homa.

Hakuna alichosema bibi ambacho historia haikijui. Faida ya pembe na ujira wa upagazi uliingiza Unyamwezi watumwa wengi, na wengi wao walitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, ambako kundi la Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, na wafanyabiashara wengine walipita na bunduki. Huko watu walikamatwa, wakabebeshwa pembe, wakaletwa. Pembe za Manyema hazikuwa na posho wala mapatano. Njia ileile moja ilipitisha mtu mwenye sugu ya fahari begani na mtu mwenye kovu la kamba shingoni, pengine katika msafara mmoja, pengine wanalala moto mmoja.

Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua mambo ya vitabuni. Sikuwa najua liko kwenye mwembe wetu.

Nilichokuwa nakidai pale Fountain Hill, kwa haki kabisa, ni kwamba si kila mbebaji alikuwa mtumwa. Ni kweli, na nitaendelea kukidai. Lakini nilikuwa nakidai nikiwa nimesimama juu ya mtu, na mtu huyo ndiye ambaye sentensi ya mama yule ilikuwa inamsema. Yeye labda alibeba. Yeye aliuzwa. Kwenye ukoo mzima wenye majigambo ya upagazi, sentensi ya mgeni kwenye kilima cha ugenini ndiyo peke yake iliyokuwa na nafasi yake.

Na kitambaa. Hilo ndilo linalonirudia usiku. Pamba imefumwa Marekani, ikasafiri hadi Unguja, ikapanda Tabora mabegani, ikamnunua mwanamke. Inawezekana robota lile halikutoka Salem. Miaka hiyo vitambaa vya Bombay vilikuwa vimeshaingia sokoni, na watu waliviita merikani vilevile. Nilijikuta natumaini ni vya Bombay. Nikajiuliza, ili iweje?

Shemasi Read nimeacha kumcheka. Simtetei. Ila alikuwa na mtu mmoja aliyemwona kwa macho, akamtendea wema, na maelfu ambao hakuwaona. Mzee wetu alikuwa na mmoja aliyemwona kila siku, shambani kwake, kwenye chungu chake.

## Barua

Barua niliyokusudia kumwandikia mama yule ilikuwa kurasa tatu. Nikaifuta. Ya pili ilikuwa ya kuomba radhi, na sikujua naomba radhi ya nini, nikaifuta nayo. Ya tatu ilikuwa mistari michache: kwamba wabebaji wengi wa njia ya kati walikuwa watu huru waliolipwa, kwamba wengine walikuwa watumwa, kwamba katika familia yangu wapo wa aina zote mbili, kwamba neno *kila* liondolewe.

Alijibu siku hiyohiyo. Alishukuru. Alisema ameisimulia sentensi ile kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kumsimamisha, na kwamba msimu ujao angependa nije niseme sehemu hiyo mwenyewe, pale kilimani, kabla ya XYZ. Halafu akauliza: je, nina majina yao?

Jina la mzee ninalo, tena na la baba yake na la babu yake. Naweza kuyatiririsha hadi wapate usingizi.

## Saruji

Nilimuuliza bibi. Bibi hakulijua. "Sisi watoto," akasema, "tulimwita Bibi Manyema, naye akaitika. Alikuwa na karanga mkunjoni mwa kanga. Alikufa mvua za kwanza, mimi sijaota meno ya ukubwa." Kisha akaongeza kwamba kila mwaka kabla ya Ramadhani, akimaliza kung'oa majani kwa wazee, hupita na kwa yule. "Nani mwingine atamng'olea?"

Miaka yote hiyo nilidhani anaenda kuokota maembe.

Alikwenda kuuliza. Ana miaka themanini na kitu na magoti hayamtii, lakini alipanda bodaboda hadi kwa mzee mmoja wa upande wa kaka yake, akakaa siku nzima. Sauti iliyofuata ilikuwa fupi kuliko zote. Mzee yule anasema aliitwa Faida.

"Jina zuri," nikasema, kwa ujinga.

"Alipewa na babu," bibi akajibu. "La kwao halijulikani. Nani alimuuliza?"

Daniel Fisher alipewa jina jipya na mtu aliyekuwa anamficha, lakini la zamani hakulisahau na watu wakaliandika. Mwizi wa benki alikuwa na mtu mahali fulani aliyejua XYZ inasimama badala ya nini.

Nilituma pesa kidogo ili kaburi lijengewe. Si makubwa, kingo tu na kibao, kama ya wengine. Ukoo haukukubaliana mara moja. Shangazi mmoja aliuliza kama nataka watu waanze kuuliza nani mtoto wa nani. Baba mdogo akanyamaza wiki nzima. Mwenye kukata shauri alikuwa bibi, ambaye alisema tu kwamba mawe sita yale yamebaki matano, moja watoto wamelichukua kuwekea goli.

Jioni ya juzi binti yangu alikuwa anafanya mazoezi kwenye piano kuukuu ya kanisani, ile yenye vibonyezo vya umanjano. Nilisogea nikapitisha ukucha juu ya kimoja, kutoka mbele kwenda nyuma. Ukagota. Mshono upo, palepale mama yule aliposema.

"Baba, unaniharibia," binti akasema. Nikaondoa mkono.

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Baba mdogo. Mifuko miwili ya saruji imefika, mchanga upo, fundi yuko palepale kwenye mwembe na kibao bado kibichi, ana msumari mkononi. Anauliza aandike nini.